Kobe wa Mapokezi

Leo nimejua ni nani aliyemfukuzisha kazi Mwanasha.

Mimi ni fundi wa kompyuta hapa hotelini Diani. Yeye alikaa mapokezi. Mgeni akifika anataja namba yake ya simu, Mwanasha anaiandika, halafu wanasubiri. Wanasubiri mpaka dafu la kumkaribisha mgeni linapata moto.

"Niwie radhi, mashine inatafuta."

Nikampa jina: Kobe. Likashika hoteli nzima.

Juma lililopita meneja akamwambia arudi kwao Bodo.

Leo asubuhi mgeni amesubiri vile vile, na Kobe hayupo.

Ndipo nikafungua msimbo wa programu ya kutafutia wageni. Nimeuandika mwenyewe.

Jamani.

Indeksi ya namba za simu, ile orodha ya kuzipata haraka, ipo, tena imepangwa vizuri. Lakini mimi niliiagiza hifadhidata ikate +254 kwenye kila namba kwanza, ndipo ilinganishe. Basi namba zilizokatwa hazifanani tena na za kwenye indeksi, indeksi inarukwa, na mashine inasoma wageni wote tangu hoteli ifunguliwe, mmoja mmoja. Kila mara!

Nimebadilisha mstari mmoja. Sasa namba ya mgeni ndiyo inayowekewa +254 kabla ya kutafuta, zile zilizohifadhiwa naziacha zilivyo.

Jina la mgeni likatoka kabla sijainua kidole.

Meneja akaita wafanyakazi waje waone. "Mnaona? Kobe ametoka, mapokezi yanakwenda mbio."

Wote wakacheka.

Haya, nitukaneni hapo chini kwenye maoni, nimestahili. Ila kabla hamjaanza, mjue na hili:

nami nilicheka.