Ndege ya Plastiki Mezani Kwangu

Katika miaka ile ya vita kazi yangu ilikuwa kufungua vifurushi vya watu. Nilikaa nyuma ya meza ya ukaguzi katikati ya Bujumbura, nikiwa na kisu, fomu na muhuri, na pembeni yangu alikaa luteni aliyeletwa kuhakikisha hakuna silaha inayopita kwetu. Nilimwogopa yule kijana, sitaficha.

Asubuhi moja alikuja fundi magari wa Buyenzi, mtu mzima, kuchukua kifurushi alichotumiwa na mdogo wake aliyekuwa Ubelgiji. Nikakata kamba. Ndani mlikuwa na sanduku lenye picha ya ndege ya kivita, na chini ya kifuniko vipande vya plastiki ya kijivu vilivyoshikana kwenye fremu zake, pamoja na karatasi ya michoro yenye namba.

Luteni akaivuta ile karatasi, akaisoma polepole kwa kidole.

"Hapa banaandika missile, ziko ine. Hii ni plan ya ndege ya guerre, muzee. Unaipeleka kwa nani?"

"Ni maketi, chef. Ndege ya mufano, ya kubandika na gundi. Couvre-feu ikianza, batu bakikatazwa kutoka usiku, niko mu nyumba tu, mikono inakosa kazi."

Luteni akanigeukia. "Mama, andika: vifaa vya kijeshi."

Sote watatu tulijua maneno hayo yana maana gani. Watu walikuwa wametolewa chumbani mle kwa sababu ndogo zaidi, wakapandishwa gari, na wake zao wakaja kuniuliza mimi. Niliandika.

"Sasa kagua hiyo maketi yako," luteni akamwambia fundi. "Nione kama unaijua."

Fundi akaanza kazi kama vile ameletewa injini gereji. Aliinua kila fremu kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha ukucha kwenye kingo, akahesabu vipande akivilinganisha na karatasi. Mara akasimama, akakunja uso. Nikadhani yamekwisha.

"Bamemuibia ndugu yangu," akasema, na hasira yake ilikuwa ya kweli. "Angalia, chef. Mabawa yote mbili ni ya kushoto. Ukiweka hii kuume, tundu ya tairi inaangalia juu. Na kioo ya rubani iko na ufa. Mutu anauzisha kitu ya hivi?"

Moyoni nilimwomba anyamaze. Roho yake iko mikononi mwa mtu, yeye analalamikia bawa! Lakini luteni alivichukua vile vipande, akavigeuza, akavijaribisha upande huu na ule, mara mbili, mara tatu. Kisha akacheka kwa pua.

"Hii haiwezi kuruka hata mu ndoto. Mama, andika kitu ya kuchezea."

Nikakata mstari ule, nikaandika upya juu yake, nikamsogezea fundi fomu atie sahihi. Kalamu ikabaki hewani. Alikuwa anaangalia chini ya maneno niliyoyakata, palipokuwa na sahihi yangu na muhuri uliokwisha kukauka. Luteni alikuwa ameniambia niandike tu. Sahihi na muhuri niliviongeza mwenyewe, kabla fundi hajagusa hata kipande kimoja.

"Aksanti, mama," akasema, akabeba sanduku lake.

Nilitaka kumwambia kwamba nina watoto. Hakuwa ameniuliza chochote.