Leonsia na makaburi mawili ya Yerusalemu

Saa kumi na moja alfajiri, Nyakahura bado ina ukungu. Moshi wa kwanza unatoka jikoni kwa mapadre. Leonsia Niragira anachochea kuni, anapuliza, moshi unamtoa machozi, anajifuta kwa ncha ya kitenge. Sufuria la maharage limeshabandikwa. Leo kuna semina ya wachumba, na wachumba, anasema, wanakula kuliko waliooana.

Mama huyu amekuwa mpishi wa parokia kwa miaka kumi na tisa. Mshahara wake ni shilingi laki moja na nusu kwa mwezi, ndio uliomsomesha binti yake Josiane. Nauli ya ndege ya kwenda Yerusalemu isingetoka humo. Muumini mmoja aliyekuwa amelipia hija aliugua, akasema nafasi yake apewe yule mama anayepika.

Tangu arudi Februari, maswali hayaishi. Asubuhi hii ni ya Eustakia, muuza ndizi, anayeshusha mkungu mlangoni.

"Mama Yerusalemu, umeamkaje?"

"Salama. Weka taratibu, usizipondeponde."

"Na huko wanakula ugali?"

"Mikate. Ina tundu katikati kama ngata ya kubebea maji, juu ufuta."

Leonsia alidhani katika mji ule watu wananong'ona tu. Akakuta vichochoro vya mawe yaliyolainishwa na nyayo, harufu ya bizari, wauza nyanya wakiita wateja. Katika kanisa lenye kaburi la Bwana, mahujaji walipanga foleni ndefu, wakaingia kaburini wachache wachache. Aligusa jiwe, lilikuwa la baridi. Mtawa mwenye ndevu akawahimiza watoke.

Mchana mwongozaji akawapeleka nje ya ukuta, kwenye bustani, akawaonyesha kaburi lingine lililochongwa mwambani. Wapo Wakristo wanaoamini kuwa Bwana alilazwa hapo.

"Nikamvuta mkono padre wa msafara wetu. Nikamuuliza, Baba, sasa ni lipi? Akasema watu wamebishana miaka mingi," anasimulia Leonsia. "Nikatazama. Kule watu wanalia, huku wanaimba. Hakuna aliyerudi kwao eti kwa sababu hajui ni lipi."

Jioni ile hakula; alikuwa akiwaza kaburi la mama yake.

Mwaka 1993, akiwa na miaka kumi na miwili, alikimbia vita Burundi na mama yake na kaka yake, Fideli. Mama akafa njiani, hawajafika mpakani. Walimzika harakaharaka, giza likiingia, bila alama. Leonsia anakumbuka kichuguu. Fideli anakumbuka mkuyu. Walipokuwa watu wazima walirudi kutafuta. Mkuyu upo, kichuguu kipo ng'ambo ya kijito, kaburi halionekani kokote.

Kwao msiba hufungwa kwa kuganduka. Ndugu hukutana, hunywa pombe ya ndizi, humtaja marehemu kwa mema yake, ndipo maisha yanaendelea. Fideli, mkulima wa Keza, alikuwa akikataa. "Tutaganduka tumesimama wapi? Shambani kwa mtu?" Hivyo miaka yote hiyo wamebaki wafiwa.

Jumapili moja Leonsia alipanda basi hadi Ngara, kisha bodaboda hadi Keza. Akamkuta kaka yake anapepeta maharage, akamsimulia.

"Kwa hiyo hata la Bwana hawalijui?" Fideli aliuliza.

"Hawajakubaliana."

"Na mapadre wapo hapohapo?"

"Wapo. Wanasimamia foleni."

Fideli alicheka, kisha akaweka ungo chini.

"Lakini ni mkuyu," akasema.

"Ni kichuguu, kaka."

"Haya. Tuanzie mkuyu. Mimi ndiye mkubwa."

Agosti, mavuno yakishaingia ndani, wamepanga kuvuka mpaka wakaganduke, pamoja na watoto wao. Leonsia ameshaomba ruhusa ya wiki moja. Pombe atapika Fideli, maana ya dada yake, anasema, huwa tamu mno kama ya watoto.

Leonsia anafunua sufuria, anaonja chumvi.

"Nataka Josiane asikie jina la bibi yake likiitwa kwa sauti," anasema. "Tutamwita pale mkuyuni, tukivuka kijito tutamwita tena. Mama mwenyewe atajua aitikie wapi."