Virginia Njambi wa Satellite na Mlango Mmoja wa Wenye Shida

Alizaliwa Riruta, magharibi mwa Nairobi, mwezi wa Juni mwaka 1948, siku hizo Riruta ikiwa bado ni mashamba ya mahindi na viazi, na mtu akitaka kufika mjini alitoka kabla jua halijachomoza. Baba yake alikuwa seremala, na mama yake aliuza mboga kando ya barabara. Alibatizwa Virginia, lakini nyumbani aliitwa Njambi, jina la nyanya yake. Alikuwa msichana wa miaka sita alipozaliwa ndugu yake wa pekee, Mbuthia. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni. Baba alikuwa kizuizini, na mama alichukuliwa kila asubuhi pamoja na wanawake wengine kwenda kuchimba handaki, kwa hiyo mtoto yule alilelewa mgongoni mwa dada yake. Njambi alimpondea viazi, akambembeleza alipolia, akamfundisha kutembea. Hata alipokuwa mtu mzima mwenye mvi, Mbuthia hakumwita dada yake kwa jina lingine ila Maitu, yaani mama kwa lugha yao. Inatupasa kulijua hili mapema, kwa kuwa jeraha kubwa kuliko yote aliyoyapata Virginia lilitoka katika upendo huu.

Alisomeshwa na masista hadi kidato cha nne, na mwaka 1970 akaajiriwa katika ofisi moja ya ustawi wa jamii katikati ya jiji. Mwaka 1974 alifunga ndoa na Muchiri, mpiga chapa wa River Road, mtu mpole aliyependa kuimba. Mungu hakuwajalia mtoto, na Muchiri alifariki mwaka 1996 kwa ugonjwa wa ini. Wanaomkumbuka Virginia wa miaka ile hawasemi kwamba alikuwa mtakatifu. Wanasema alikuwa nadhifu, mwaminifu, mwenye kuwahi kazini, na mkali. Aliamini kwamba kila jambo lina ofisi yake, na mtu aliyekosea dirisha alielekezwa kwingine kwa sauti kavu. Hakupokea rushwa, hata ya soda. Alidhani hiyo ilitosha.

Mwezi wa Mei mwaka 2001, mvua za masika zikinyesha, alifika mbele ya dirisha lake mama kijana aitwaye Kanini, kibarua wa kufua nguo kutoka Kawangware. Mumewe alikuwa amemtoroka. Mgongoni alikuwa na mwanawe Nzioka, ambaye mwili ulikuwa moto na kifua kikikoroma. Kanini aliomba mtoto apewe kibali cha kutibiwa bila malipo. Virginia alimsikiliza nusu tu, kisha akamwambia kwamba mambo ya matibabu hayakushughulikiwa pale. Aende ofisi nyingine, upande wa pili wa jiji. Kanini akaenda kwa miguu. Huko aliambiwa aanze kwa chifu wa eneo lake. Chifu alikuwa safarini. Alijaribu zahanati, nayo ikamtaka apitie kwanza ustawi wa jamii. Asubuhi moja wiki ileile, Virginia aliinua macho akamwona tena, amelowa chapachapa, mtoto amefunikwa leso hadi kichwani.

"Madam, nilienda kule ulisema," Kanini alisema. "Na kule kwingine pia. Wote wanasema nirudi kwako."

"Na mtoto anaendeleaje?"

Kanini alifungua leso, akamzungusha mtoto mbele, akamlaza juu ya ubao wa dirisha, kati yao wawili. Nzioka alikuwa amekwisha kufa. Alikuwa amekata roho njiani, na mama yake akaendelea kutembea kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

"Sasa niambie niende ofisi gani," alisema.

Virginia alitoka nyuma ya dirisha. Wafanyakazi wenzake walikumbuka kwamba alimfunika mtoto kwa sweta yake mwenyewe, akamshika Kanini mkono, wakatoka pamoja kwenye mvua. Hakumwacha hata hatua moja, kuanzia mochari hadi makaburini Lang'ata. Miaka ya baadaye watu walipomuuliza ni lini alipousikia wito wa Mungu, alisema hakuwahi kusikia sauti yoyote. "Nilisikia swali la Kanini," alijibu. "Hata leo sina jibu lake."

Kabla mwaka ule haujaisha alikuwa ameacha kazi. Alimwendea Padre Lazarus, paroko wa wakati ule, akamwambia maneno ambayo padre alituhadithia mara nyingi: "Padre, watu wetu hawafi kwa kukosa huduma peke yake. Wanafia njiani, kati ya huduma moja na nyingine." Alitaka pawe na mahali pamoja ambapo muuguzi, mshauri wa sheria, walezi wa watoto wadogo na mtu wa kufuatilia vyeti wangekaa chini ya paa moja, ili mama mwenye shida asizungushwe. Padre alikubali, lakini parokia haikuwa na nafasi. Aliyetoa nafasi ni Mbuthia. Baba yao alikuwa amemwachia ploti katika mtaa wa Satellite, yenye nyumba za kupangisha, na safu moja ya vyumba ilielekea barabarani. "Maitu, chukua hivyo vyumba," alimwambia dada yake. "Ulinibeba mimi. Sasa beba hao."

Huduma ilifunguliwa siku ya Pentekoste, mwaka 2002. Muuguzi wake wa kwanza alikuwa Philister, mke wa fundi wa magari aitwaye Dalmas Omollo. Wote wawili walitoka Siaya, magharibi mwa nchi, na walikuwa wamepanga katika ploti ileile pamoja na binti yao, Jacklyne. Kanini alipewa kazi ya kulea watoto wa wanawake waliokwenda vibarua. Virginia aliweka sheria moja, nayo ilikuwa ngumu kuliko ilivyosikika: mtu asisimulie shida yake mara mbili. Aliyempokea mgeni ndiye aliyetembea naye kutoka chumba hadi chumba, na ikibidi hadi mjini, mpaka jambo lake likamilike. Wapo waumini waliolalamika kwamba foleni ya maskini ilichafua mtaa. Wapo maofisa waliomchelewesha kwa makusudi kwa sababu aliwaaibisha. Naye, mwanamke aliyekuwa mkali, alijifunza kuomba. Alikaa kwenye mabenchi ya ofisi alizokuwa akizijua kwa ndani, mkoba magotini, akisubiri pamoja na wanawake ambao zamani angewafukuza. Ukali haukumwisha kabisa. Philister alisema aliwahi kumwona akimkemea mfanyakazi hadi akalia, kisha jioni akamfuata nyumbani kwake kumwomba msamaha mbele ya watoto wake.

Ndipo ikaja Januari ya mwaka 2008. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, majirani waliokuwa wamekopeshana chumvi walianza kuulizana wametoka wapi. Moshi ulionekana upande wa Kawangware. Dalmas alivamiwa akirudi kutoka gereji, akapigwa mbele ya lango, na Jacklyne, mtoto wa miaka saba, akaona yote dirishani. Dalmas alipona, ingawa mkono mmoja ulipooza. Lakini tangu siku ile mtoto hakutamka neno. Virginia alifungua vyumba vyote vya huduma, akaingiza humo familia zilizotoka magharibi mwa nchi ambazo nyumba zao zilikuwa zimetiwa alama. Yeye mwenyewe alilala sakafuni mlangoni.

Habari hizo zilimfikia Mbuthia kwa njia mbaya. Vijana wa mtaa walimwendea wakamwambia kwamba ploti itachomwa, na nyumba yake pia, ikiwa ataendelea kuwahifadhi wale watu. Mbuthia alikuwa na mke, na wajukuu walikuwa wakiishi naye. Aliogopa. Tusimhukumu upesi, sisi ambao hatukusimama pale alipokuwa amesimama. Alikuja asubuhi akiwa amevaa koti bila shati ndani, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumwita dada yake Maitu.

"Virginia, hawa watu watoke leo."

"Waende wapi, Mbuthia?"

"Sijui. Mimi niko na familia. Hii nyumba ni yangu, si ya kanisa."

Philister alikuwa amesimama karibu na mtoto wake. Virginia akajibu: "Nyumba ni yako. Watu si wako, na si wangu pia. Ni wa Mungu. Nitatoka nao."

Akatoka nao, akiwa mbele, amembeba Jacklyne mgongoni, mwanamke wa karibu miaka sitini. Walipofika njia panda waliwakuta vijana wenye rungu na galoni ya petroli. Virginia hakusimama wala hakuongeza mwendo. Aliwasalimia. Walimtaka amshushe mtoto yule, akawaambia, "Huyu ni wangu. Mkitaka kumguza, anzeni na mimi, mnanijua jina." Wengi wao alikuwa amewatafutia vyeti vya kuzaliwa. Wakapisha njia, na kundi likapita hadi uwanja wa kanisa.

Waliishi pale uwanjani kwa wiki nyingi, chini ya turubai. Virginia hakukubali kulala katika nyumba ya mapadre wakati watoto wako nje. Baridi ikamshika kifuani, naye akaificha kwa sababu wagonjwa walikuwa wengi na Philister alikuwa peke yake. Lakini kilichommaliza, wasema waliokuwa naye, hakikuwa kifua pekee. Kila jioni aliangalia lango. Alimtumia Mbuthia salamu kupitia watu wa jumuiya: hana kinyongo, aje wanywe chai. Mbuthia hakuja. Mwezi wa Aprili Virginia alilazwa hospitalini, na huko pia aliuliza, "Mbuthia amefika?" Tulikuja kujua baadaye kwamba Mbuthia alifika hadi lango la hospitali zaidi ya mara moja, akiwa na chupa ya uji, akarudi kwa aibu. Virginia Njambi alifariki tarehe 11 Mei mwaka 2008, alfajiri ya Pentekoste, Kanini akiwa amemshika mkono. Maneno yake ya mwisho yalikuwa ya kumtetea ndugu yake: "Mwambieni alikuwa na haki ya kuogopa."

Alizikwa Riruta, kando ya wazazi wake. Walikuja watu ambao miezi michache iliyopita walikuwa wamekimbiana, wakasimama makundi makundi bila kutazamana. Mbuthia alisimama nyuma ya wote, karibu na ua. Wakati wa kufukia ulipofika, Philister alichukua koleo, akapita katikati ya umati, akamwendea.

"Njoo," alimwambia. "Ni dada yako."

"Nilimfukuza," Mbuthia alisema.

"Na mimi ulinifukuza. Njoo tumzike."

Walifukia pamoja, Mbuthia na mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimtoa nyumbani, na Mbuthia alilia kwa sauti, akiita Maitu, Maitu, mpaka wimbo wa waombolezaji ukakatika. Ndipo ikasikika sauti ya mtoto ikiendeleza ubeti ule uliokatika. Ilikuwa ni Jacklyne. Wapo wanaosema watoto hurudiwa na sauti baada ya muda, na kwamba wakati wake ulikuwa umefika. Mama yake, ambaye ni muuguzi, hasemi hivyo. Hupiga magoti tu. Kanisa halijatoa hukumu, nasi tunaeleza kilichosikika. Wapo pia wanawake kadhaa wanaoshuhudia kwamba walimwomba Virginia awaombee walipokuwa wamekata tamaa kwenye foleni za mjini, na mtu asiyewajua akainuka kitini akawauliza shida yao.

Mwaka 2009 huduma ilifunguliwa upya katika ukumbi wa parokia, chini ya Philister, na maofisa wa wilaya wamekuja kujionea jinsi inavyoendeshwa. Mbuthia alijitolea kutoa tena vyumba vyake, lakini Dalmas hakuweza kulipita tena lango lile alikopigwa, na hakuna aliyemlazimisha. Kwa hiyo vyumba vimebaki vimefungwa. Hatusemi kwamba kila kitu kimepona. Ndugu yetu Mbuthia huja kila Jumatano kufagia ukumbi, kisha huketi na wanaosubiri, akawashikia watoto. Hazungumzi sana.

Ndugu wapendwa, hatuombwi kuwa na ujasiri wote wa Virginia. Hata yeye hakuanza nao. Alianza kwa kuinuka kitini siku ambayo tayari alikuwa amechelewa. Basi tusingoje msiba utuinue. Aliye mbele yetu leo na apate mtu wa kwenda naye, angali ana uhai wa kusaidiwa. Naye Virginia, aliyelia kwa ajili ya wengi na kufa akimngoja mmoja, atuombee.