Fundi Aliyelaumu Mkasi

Saa kumi na mbili asubuhi, fundi cherehani ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mkasi ameketi kwenye stuli dukani kwake, mikono yote miwili imo ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Kitambaa bado hajakigusa. Itapita karibu saa nzima ndipo vidole vikubali kukunjika.

“Mimi nimeamka, vyenyewe bado vimelala,” anasema.

Ana miaka hamsini na miwili, thelathini kati ya hiyo ameitumia kukata na kushona. Zamani alitoa suruali nne kwa siku. Siku hizi ni moja, tena kwa mbinde.

Maumivu yalipoanza, miaka sita iliyopita, aliulaumu mkasi. Kila Jumatatu aliupeleka kwa mnoaji wa pale kona, akilalamika kwamba haukati. Alinunua mwingine, nao akaupeleka. Fundi gani atadhani kilichokuwa butu ni mkono wake? Miaka miwili ilikwenda hivyo, hadi mnoaji mwenyewe akaona haya.

“Dada, mkasi huu unaweza kumnyoa mtoto mchanga,” alimwambia. “Hebu nioneshe huo mkono.”

Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba. Hospitalini akaambiwa ni baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo vya mwili huohuo. Daktari wake anasema hukadiriwa kumpata mtu mzima mmoja hivi katika kila mia moja au mia mbili, na wanawake huugua mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume. Umri huchangia, sigara huchangia, na ukoo pia. Dawa huutuliza ugonjwa huu, hasa ukiwahiwa. Yeye alichelewa, vidole vyake vitatu vimepinda na havitanyooka.

Neno ukoo ndilo lililomliza. Marehemu mama yake hakuweza kujifunga vifungo asubuhi, akawa anawaita watoto wamfungie. Walimcheka. Yeye, kifungua mimba, siku moja alimwambia kwamba anadeka.

“Nilimwambia kwa mdomo huuhuu,” anasema, na machozi yanamtiririka bila kufutwa. “Mama amekufa akijua namwona mvivu. Nikamwombe radhi wapi sasa?”

Siku hizi anayemkatia vitambaa ni binti yake wa miaka ishirini na minne. Mwezi uliopita Mama Mkasi alimkuta jikoni akifungua chupa ya mafuta kwa meno. Binti alisema ameulalia mkono vibaya. Amelala vibaya wiki tatu mfululizo, na mikono yote miwili imevimba. Kila akihimizwa kwenda hospitali, hujibu kwamba atakwenda sare za shule zikiisha. Ni sare themanini, kazi kubwa kuliko zote za mwaka mzima.

Jana Mama Mkasi alipita nyumba kwa nyumba akiwarudishia wazazi vitambaa vyao, vyote. Baadhi walimsema vibaya.

Sasa binti anaingia dukani, anaitazama rafu tupu, kisha anamtazama mama yake.

“Sare ziko wapi, mama?”

“Zimeisha,” anajibu, akitoa mikono majini. “Twende hospitali, mwanangu.”