Shahidi wa Pili

Wananichosha wanaosema kwamba zamani hapakuwa na sheria ya ubakaji. Sheria ilikuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, yalipomfika dada yangu, kitabu cha serikali kilisema mbakaji anaweza kufungwa maisha. Kilichokosekana ni njia ya mwanamke wa kwetu Gesima, huko Kisii, kuifikia hiyo sheria bila kuumizwa mara ya pili.

Dada yangu alikuwa mtu mzima, fundi wa cherehani pale Keroka. Alhamisi moja jioni, akirudi nyumbani kati ya mashamba ya majani chai, dalali wa ng'ombe kutoka mlima wa ng'ambo alimkamata akambaka. Alipofika alimwambia mama jikoni, nami nikiwapo. Baba hakuambiwa wazi. Kwetu binti hatamki mambo ya mwili mbele ya baba yake, wala mbele ya mwanamume yeyote wa rika la baba. Hiyo ndiyo chinsoni, heshima tuliyonyonya pamoja na maziwa, na binti anayeivunja huonekana amejivua nguo sokoni. Basi mama alizunguka maneno, akasema binti ameumizwa na mwanamume, na baba akaelewa.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, nasi ni Wasabato. Ijumaa ni siku ya maandalizi: nyumba inafagiliwa, chakula cha kesho kinapikwa, na hakuna nguo chafu inayoruhusiwa kulala ndani jua likishazama. Mama alifua kila kitu, na gauni la dada akalifua kwanza, akilisugua kwa hasira mpaka rangi ikapauka. Jumamosi tukaenda kanisani. Jumapili asubuhi ndipo baba alipotuongoza kwenda polisi.

Askari aliuliza gauni liko wapi. Limefuliwa. Akauliza mbona tumechelewa. Baba akamweleza kwa upole kwamba ilikuwa Sabato, na yule askari akamtazama kama mtu aliyeambiwa ng'ombe ametaga. Akatutuma hospitali, na daktari naye akasema tumekuja nyuma ya wakati. Aliona michubuko mikononi tu, akasema michubuko kama hiyo mtu aweza kuipata hata akianguka shambani. Nilitamani kumuuliza ni shamba gani linalomshika mtu mikono yote miwili.

Kabla ya kesi wazee wa upande wa dalali walikuja na maneno matamu. Walitoa ng'ombe wa kutupoza. Mmoja akaongeza kwamba kijana wao yuko tayari kumwoa dada, hana kinyongo naye. Hana kinyongo! Hata leo nikilikumbuka neno hilo chai hunitoka puani. Chifu naye alishauri tuyamalize nyumbani, maana mahakamani tutajianika. Baba aliwasikiliza wote, akawapa uji, akakataa. Alisema serikali sasa ni yetu, iacheni ifanye kazi yake. Nilimpenda sana siku hiyo.

Siku ya kesi baba alivaa koti lake la kanisani akakaa benchi la mbele. Hakuna aliyemwambia atoke, si mwendesha mashtaka, si karani, si mimi. Yeye aliona baba mwenye heshima hamwachi binti yake peke yake kati ya wageni. Hakimu alisema Kiingereza, na mkalimani wa kuyageuza maneno kwa Ekegusii, lugha yetu, alikuwa nani? Mzee wa ukoo wetu, rika moja na baba, ambaye dada alikuwa akimwita tata, baba, tangu aanze kuongea. Yaani sheria ilimtaka aseme lile neno kwa baba mmoja huku baba mwingine akisikiliza.

Alipoulizwa alitendewa nini, dada alisema dalali alimkosea. Mkalimani, naye akiona aibu, akalitafsiri kwa neno dogo kuliko hilo. Hakimu akauliza alikosewa vipi, alitukanwa? Dalali akatabasamu kizimbani. Dada akarudia kwamba alikosewa sana. Mwendesha mashtaka akatazama saa yake, nami nikaona kesi inatuponyoka kwa adabu, kwa adabu tupu.

Ndipo dada alipomwacha mkalimani, akamgeukia hakimu na kusema kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwa sauti iliyofika nyuma: "Hii mtu ilinishika kwa nguvu ikalala na mimi. Mimi nilikataa. Nililia, hakuna mtu alikuja."

Baba alisimama, akachukua kofia yake, akatoka polepole bila kumtazama mtu. Mkalimani akakazia macho sakafu. Wanawake wa kwetu waliokuja kusikiliza walianza kulia, maana kila Mkisii mle ndani alijua kesi imekwisha. Hakuna binti anayeweza kutamka hayo mbele ya baba yake ikiwa ni uongo.

Ila hakimu hakuwa wa kwetu. Alituambia, kwa maneno ya taratibu, kwamba huenda dada anasema kweli, lakini ni hatari kumfunga mtu kwa neno la mwanamke peke yake. Mahakama inataka ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Gauni halina kitu, michubuko haitoshi, aliyeona hayupo. Dalali akaachiliwa, akapita mbele yetu akijipangusa suruali.

Tulimkuta baba nje, getini, ametupa mgongo. Tulianza kutembea kuelekea stendi, yeye mbele, sisi nyuma, na kwa mara ya kwanza hakugeuka kuona kama tunafika. Dada aliniuliza kile Kiingereza cha mwisho kilisema nini hasa. Nikamwambia hakimu alitaka shahidi mwingine, asiyekuwa yeye.

Akautazama mgongo wa baba.

"Nimesema mbele ya tata," akasema. "Anataka shahidi gani tena?"