Kiapo cha Kwamba Evelina Hajaolewa

Niliondoka Louisville kwa sababu mdogo wangu Evelina, anayeishi Buffalo, alitaka kufunga ndoa na mwenzake Wambui, msichana wa Nakuru, na ofisi ya ndoa ilitaka cheti cha kuzaliwa. Evelina alizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, cheti hana. Wakaambiwa walete kiapo cha mtu mzima aliyekuwapo siku ile, athibitishe pia kwamba hajawahi kuolewa. Wazazi wetu walipokufa mimi ndiye niliyewalea wadogo zangu, lakini Evelina anazaliwa nilikuwa mtoto. Watu wazima waliobaki ni Baba Mdogo na mkewe, huko Hilliard, pembeni mwa Columbus. Baba Mdogo alikuwa anakata simu kila nikitaja jina la Wambui. Nikaomba ruhusa ghalani ninakofanya kazi.

Ijumaa asubuhi jirani yangu Mkongo alinipeleka stendi.

"Bon, kaka, unaenda kupigana?"

"Naenda kuomba saini."

"Basi kunjua ngumi."

Columbus nilifika jioni. Mama Mdogo aliandaa ugali na mboga ya lengalenga. Baba Mdogo alingoja ninawe mikono.

"Siwezi kuapa uongo," alisema. "Evelina ameshaolewa. Mahari nilipokea mimi mwenyewe."

Wakati huo Evelina alikuwa na miaka kumi na minne. Mwanaume mmoja wa kambini alileta mbuzi wawili na baiskeli, Evelina mwenyewe hajui lolote. Mwaka ule niliacha shule, nikalima mashamba ya watu mpaka nikarudisha vyote. Evelina hakukanyaga kwa mtu yule hata siku moja.

"Mbuzi nilimrudishia," nikasema. "Na baiskeli pia, ingawa tairi ulikuwa umeshazimaliza."

"Mahari ni mahari. Angekuwa anaolewa na mwanaume, ningefikiria."

"Kwa hiyo kwa mwanaume angekuwa hajaolewa?"

Akamega ugali. Kwa hasira nikaisukuma sahani yangu pembeni.

"Mtoto nilimpokea mimi," Mama Mdogo akamwambia mumewe. "Wewe ulikuwa kwenye foleni ya mahindi."

"Ukisaini, usirudi hapa," Baba Mdogo akamwambia.

"Nitarudi. Mkataba wa nyumba una jina langu." Akanigeukia. "Ndoa yenyewe siielewi, mwanangu. Lakini kusema aliolewa ni uongo."

Jumamosi aliapa na kusaini mbele ya kamishna wa viapo, mwenye meza ndani ya duka la kutuma vifurushi.

Buffalo niliingia Jumapili, theluji ikianguka. Wambui alinipokea.

"Shemeji, umekuja na karatasi, ama tukurudishe kwa basi?"

Nilimpa Evelina kiapo na kumweleza aliyoyasema Baba Mdogo. Alikikunja kiapo, akakitia kwenye mkoba wake.

Jumatatu, ofisini, karani mwanamke alisoma kiapo chote, kisha akamtazama Evelina.

"Umewahi kuolewa?"

Evelina akanitazama mimi.

"Nimekuuliza wewe," karani akasema.

"Hapana," Evelina akajibu. "Sijawahi." Akarudia kwa sauti zaidi, ingawa karani alikuwa ameshasikia na anaandika.

Kibali kikatoka. Kesho yake alasiri wakafunga ndoa, nami nikasimama shahidi.

Jumatano, nikirudi Louisville, basi lilisimama Columbus, nikabaki kwenye kiti changu. Hasira haijaisha. Katika ukoo wetu wapo walioamua kwamba Evelina ameolewa, na wapo tuliobisha. Aliyemuuliza mwenyewe ni mgeni, nyuma ya dirisha la ofisi, na jibu lilikuwa la maneno mawili.