Mzee Fideli amekuwa kijana leo asubuhi

Jamani, leo mzee wetu amepunguza miaka mbele ya batu!

Munajua kazi yangu: ninatunza bazee kwenye nyumba moja hapa Kamembe. Kwetu, mwenye umri mkubwa ndiye anapakuliwa wa kwanza, na kichwa cha samaki ni chake. Kila siku ni Mzee Fideli. Ukimubishia, anakuambia alichunga ng'ombe wakati mama yako hajazaliwa.

Leo tukakusanya bazee kubaeleza kwamba kesho muganga anakuja na chanjo. Mi, kwa heshima yote, nikasema:

"Tutaanza na mukubwa kuliko bote."

Mzee Fideli akakohoa. "Mukubwa ni Maman Espe."

Maman Espe! Yeye mwenye kumuita huyu mzee "Papa" tangu alifika kwenye nyumba yetu!

"Mimi?" Maman akaruka. "Huyu alikuwa na ndevu siku ya ubatizo wangu!"

"Ndevu zilikuja mapema tu. Mi ningali kijana."

Bazee wengine, kuona mukubwa wao anaogopa sindano, nabo bakaanza kupunguza miaka. Mara moja nyumba nzima haina mzee! Ilibakia kidogo mukubwa akuwe mimi.

Nyinyi mungefanya nini?

Mi nilienda jikoni. Saa sita, samaki ikaiva. Nikapeleka kichwa kwa Maman Espe: "Karibu, mukubwa wetu."

Mzee akamuangalia Maman anafyonza jicho la samaki.

Akakunja mukono wa shati, polepole.

"Kesho ni mbali. Muite muganga aje leo."